Glaida ya rimoti Mwanza: jinsi ya kuirekebisha na kuipaisha kwa hewa moto bila kuiacha ziwani

Kila nikienda kurusha glaida yangu, ndege ndogo ya rimoti inayoteleza hewani bila kutegemea mota, kwenye majaruba ya upande wa Kisesa, watoto wanaochunga ng'ombe wanakuja na swali lile lile, mbona haina sauti na haishuki? Jibu lake ni fupi, inabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, ile ile inayombeba mwewe akizunguka juu bila kupiga bawa hata mara moja. Kuielezea yote ndo inachukua muda, na ndo maana nimekaa kuandika, sababu mengi tunayosoma kuhusu haya mambo yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao hawana ziwa kubwa kama letu la Victoria pembeni, ukiyafuata kama yalivyo utakuwa unarusha saa 8 mchana pale Luchelele karibu na maji halafu unashangaa kwa nini kila siku ndege inashuka tu.

Hiyo hewa moto inayopanda ntaiita thamo, ndo jina tunalotumia sisi tunaorusha.

LIJUE ZIWA KWANZA

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hewa inatiririka kutoka bara kwenda ziwani, wavuvi wa tanga wanaujua huu upepo vizuri sana. Jua likishawaka mambo yanageuka, ardhi inapata moto, hewa yake inapanda, na ile ya baridi ya ziwani inaingia kujaza nafasi, ndo ule upepo mtamu wa mchana unaousikia ukikaa Capri Point. Juu ya hayo mawili kuna upepo mpana wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, unaotoka kusini mashariki. Sasa sisi tuko ufukwe wa kusini wa ziwa, kwa hiyo asubuhi upepo wa nchi kavu na ule wa kiangazi vyote vinasukuma kuelekea majini, na kuanzia kama saa 5 au saa 6 upepo wa ziwa unaingia kutoka kaskazini au kaskazini magharibi na kuanza kusukuma kwenda bara. Chora hii picha kichwani na uishike, sababu kila hatua inayofuata inairudia.

Hewa iliyotoka kupita juu ya maji ni ya baridi na imetulia, haina thamo. Ndo maana mchana ufukweni utapata upepo laini mzuri kwa tanga na kwa kukausha dagaa ila glaida haitapata kitu. Sogea bara, kilomita 10 mpaka 20, Kisesa, Usagara, kuelekea Misungwi, huko ardhi ina muda wa kupata moto kabla ya ile hewa ya ziwa kufika. Na pale upepo wa ziwa unapokutana na ule wa kusini mashariki, hewa mbili zinagongana na hazina pa kwenda isipokuwa juu. Siku nyingine unaiona kabisa, mawingu meupe madogo kama mafungu ya pamba yamejipanga mstari upande wa bara wakati juu ya ziwa anga halina hata wingu. Ukiuona huo mstari unakukaribia acha kila kitu uandae ndege.

Ratiba yangu ya kiangazi iko hivi. Saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi hewa imelala, huo ni muda wa kutrimu, yaani kuirekebisha ndege mpaka iende sawa bila kuguswa, na kubalansi, usiupoteze kwa kulala. Saa 3 mpaka saa 5 thamo zinaanza, ndogo, pole, nzuri sana kwa anayejifunza. Saa 6 mpaka saa 8 zinakuwa kali, zina kingo ngumu, na chamchela za vumbi zinatembea kwenye mashamba yaliyolimwa, mwanafunzi apumzike tu. Saa 9 mpaka saa 11 jioni, kama upepo wa ziwa haujafika ulipo au umeshalegea, ndo wakati ninaoupenda kuliko yote, sababu miamba yetu imekunywa jua mchana kutwa na sasa inarudisha ule moto taratibu, unapata thamo pana na laini kabisa.

Masika na vuli nako kuna siku nzuri ila ardhi iliyolowa inakula joto la jua kwa kukausha maji, thamo zinachelewa na zinakuwa dhaifu. Na ukisikia ngurumo, hata kama ni mbali, shusha. Radi za huku siyo za kuzichezea, na kamba yako ya kurushia ikilowa ni njia ya umeme.

NDEGE YA KUANZIA

Chukua glaida ya mita 2 toka ncha ya bawa hadi ncha, yenye mabawa yaliyopinda juu kuelekea kwenye ncha, inayoongozwa na usukani wa mkia na eleveta tu, eleveta ni kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Mabawa ya kupinda hivyo yanajirudisha yenyewe ndege ikilala upande, kwa hiyo akili yako inabaki kwenye kutafuta hewa badala ya kupigana na ndege. Za fomu, yaani povu gumu jepesi, zenye mota mbele na propela inayojikunja ndo rahisi kuzipata na kuzirekebisha. Zile ndogo za mita 1.5 ambazo unashika ncha ya bawa unazunguka kama mrusha kisahani ni tamu mno, shirikisho la kimataifa FAI wanaziita daraja la F3K, ila ni za kaboni, nyepesi kama gramu 250, bei yake inauma na zinavunjika kirahisi kwa mkono mgeni. Subiri.

Namba ya kuizingatia ni uzito kugawanya kwa eneo la bawa. Bawa la mita 2 lenye upana wa wastani sentimita 18 lina desimita za mraba 36. Ndege ikiwa na gramu 750, kila desimita ya mraba inabeba gramu 21 hivi. Kati ya 20 na 30 uko vizuri kwa thamo, ukipita 35 unaanza kurusha jiwe. Na huku kwetu inabidi uwe mkali zaidi, uso wa ziwa uko kama mita 1,130 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar, kwa hiyo ndege ile ile inabidi iende kasi zaidi kwa kama asilimia 5 ili ibebwe sawasawa. Gramu unayoitoa Mwanza ina thamani kuliko gramu unayoitoa ufukwe wa Coco.

Rimoti yoyote ya 2.4 GHz yenye chaneli 6 inatosha. Weka feilisefu mota izime yenyewe mawasiliano yakikatika, na kabla ya siku ya kwanza fanya jaribio la umbali huku mwenzako ameishika ndege.

Kuhusu ruhusa niseme wazi, vyombo vyote visivyo na rubani nchini viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, waulize kabla hujarusha na ufuate wanachokuambia. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela pale pembeni ya ziwa, kaa mbali nao na mbali na njia za ndege kubwa kushuka na kupaa. Usifunge kamera, itakuletea maswali ambayo glaida tupu haikuletei. Na ukifika kijijini pita kwa mwenyekiti, halafu kwa mwenye shamba, salimia vizuri, mwangaluka yako, salamu ya Kisukuma, itoke moyoni, eleza unafanya nini na uonyeshe ndege. Mzee mwenye majaruba ninayorushia sasa hivi ndo ananipigia simu kuniambia leo mwewe wako juu njoo.

MAREKEBISHO

Hapa ndo kuna utamu. Ndege ya fomu inavyotoka kwenye boksi imetengenezwa ivumilie kila mtu, ni nzito mkiani, laini kwenye bawa, na ina nafasi zinazovujisha hewa. Usifanye yote siku moja, fanya moja, rusha, andika, ndo uende la pili, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Anza na mkia, sababu mkia unakudai mara mbili. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya sehemu ya balansi na puani una sentimita 20 tu za kuweka uzito. Kila gramu 5 za mkiani zinadai gramu 15 puani, kwa hiyo ukitoa 5 nyuma umepunguza 20 kwa jumla. Ng'oa stika zote za mkia, badilisha skrubu za chuma na za plastiki, toa kile kigurudumu cha nyuma kama kipo. Halafu angalia waya zinazokwenda kwenye usukani na eleveta. Yangu ilikuwa na waya wa chuma wa milimita 2, urefu sentimita 70, huo peke yake una gramu 17 hivi na ziko mbili. Nilipasua mwanzi mkavu, nikauchonga na kipande cha chupa mpaka ukawa mnene kama njiti mbili za kiberiti zilizolalana, nikafunga vipande vifupi vya waya kwenye ncha kwa uzi wa kushonea nyavu na tone la supa gluu. Kila mmoja ukawa na gramu 4 na haupindi ukisukumwa. Mwanzi uwe umekauka kweli, mbichi unajikunja juani na trimu yako inahama ndege ikiwa juu.

Bawa linafuata. Fomu inapinda, na ukivuta kona kali ndani ya thamo ncha zinainuka, bawa linapoteza umbo na wewe unapoteza mwinuko. Chimba mfereji kwenye upande wa chini kwa kisu kikali na rula, theluthi moja ya upana toka mbele, laza bomba la kaboni la milimita 6 au kipande cha fimbo ya kuvulia iliyovunjika, nyingi ni za faiba na ni nyepesi, jaza epoksi kidogo sana, funika kwa tepu yenye nyuzi. Hiyo tepu ya chini ndo inafanya kazi kubwa, sababu bawa likibeba mzigo upande wa chini unavutwa na tepu ina nguvu kwenye kuvutwa tu. Watu wengi wanabandika juu tu wakidhani wameimarisha.

Baada ya hapo ziba nyufa za bawaba, pale usukani na eleveta zinapokunjika. Hewa inayopenya pale inaiba nguvu ya usukani, kipande cha selotepu nyembamba upande mmoja kinatosha, hakikisha bado inakunjika bila kukwama. Shika kila kipande cha kuongozea utikise kwa vidole, kikicheza zaidi ya milimita 1 bila sevo, kile kimota kidogo kinachokisogeza, kusogea, tundu la mkono wa sevo limetanuka, dondoshea supa gluu, acha ikauke, toboa upya kwa sindano.

Spoila ni lazima, kwangu mimi hili halina mjadala. Ni vibao viwili juu ya bawa, kimoja kila upande, vinavyoinuka kuharibu mbebo ili ndege ishuke bila kuongeza kasi. Kata kibao chepesi cha sentimita 22 kwa 3, kikae nyuma kidogo ya mhimili, lile bomba ulilozika kwenye bawa, bawaba yake iwe tepu kwenye ukingo wa mbele, chini yake zika sevo ya gramu 9 yenye mkono unaokisukuma juu, na kisumaku kidogo kikishikilie kisitikisike kikiwa kimelala. Jaribu mara ya kwanza ukiwa juu sana, ndege nyingi zinainua au kuinamisha pua spoila zikifunguka, utaongeza eleveta kwenye miksi ya rimoti, ule mpangilio unaoisogeza eleveta pamoja na spoila, kidogo kidogo mpaka itulie.

Rangi. Tumbo la ndege lifanye jeusi au jekundu iliyoiva, sababu juu angani kitu cheupe kinayeyuka kwenye wingu na macho hayarudi kukiona. Juu ya bawa acha nyeupe, jua letu likipiga fomu nyeusi linailainisha mpaka bawa linajikunja.

BALANSI

Kama utafanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu basi fanya hili. Kwa bawa la sentimita 18 anza na sehemu ya balansi sentimita 6 toka ukingo wa mbele. Weka alama mbili za kalamu chini ya bawa, inua ndege kwa ncha za vidole pale kwenye alama, ikae sawa na pua ikiwa chini kidogo sana. Uzito wa kusogeza balansi mimi natumia chubwi ndogo za mshipi, zinauzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi, zina gramu ndogo ndogo na unaweza kuzigonga ziwe bapa zikae puani vizuri.

Asubuhi hewa ikiwa imelala itupe kwa mkono kwenye majani, bawa liwe sawa, pua iangalie chini kidogo kama unarusha mkuki kwa mtu aliyeko mita 30 mbele. Usiitupe juu. Itrimu mpaka iteleze mstari mmoja bila kuguswa. Halafu ipandishe mita 100, iache iende sawa, isukume pua chini kama digrii 30 na uachie stiki kabisa. Ikichomoka juu kwa hasira, pua nzito, toa uzito. Ikiendelea kuzama au ikazidi kuinamia, rudisha udhibiti haraka, mkia mzito, ongeza uzito mbele. Ikinyanyuka polepole kwa upinde mrefu, hapo hapo. Sogeza milimita 2 au 3 kila mara, usiruke, na kila ukisogeza trimu eleveta upya kabla ya kujaribu tena.

Kwa nini nasisitiza? Ndege yenye pua nzito inajitengeneza yenyewe kila hewa ikiisukuma, inakuficha habari. Ikiwa na balansi ya nyuma kidogo, thamo ikigusa mkia unainuka, bawa moja linanyanyuka, ndege inaharakisha kama imeitwa. Inaongea. Mimi nilirusha miezi mingi na pua nzito nikidhani Mwanza haina thamo, siku nilipotoa gramu 20 puani, uwanja ule ule, asubuhi ile ile, ndo nilianza kuziona.

Kipimo cha kujua kama umefanikiwa, hewa tulivu kabisa, mota imezimwa mita 100, hesabu muda mpaka itue. Dakika 2 na nusu mpaka 3 ni nzuri kwa ndege ya mita 2.

KUIPANDISHA

Kwa mota ni rahisi, sekunde 20 mpaka 30 za kupanda kwa pembe ya wastani halafu zima, hata mashindano ya FAI ya F5J, daraja la glaida za mota, yanaruhusu sekunde 30 tu na yanakukata pointi kadiri ulivyozima juu zaidi. Jizoeze kuzima chini, mita 80, mita 60, ndo utajifunza hewa.

Kwa asiye na mota kuna kamba ya mpira. Mpira mita 15, halafu mshipi wa nailoni wa kilo 20 mita 80 hivi, mwishoni kipande cha khanga kama bendera na pete. Onyo kwenye mpira, tyubu nyeusi za baiskeli za siku hizi zinavutika ila zinarudi kwa uvivu, haziwezi kuipandisha. Tafuta mpira wa rangi ya udongo wa bomba, aina ile wanayofungia mkono hospitali wakitoa damu, vuta kipande uachie usikie, ukirudi kwa mlio ndo wenyewe. Chomekea nondo ya sentimita 60 ardhini kwa mshazari, kichwa kikiwa kimeegama upande usio wa ndege, gonga mpaka mwisho, sababu nondo ikichomoka inakuja kwako kwa kasi na uso wako ndo uko mbele.

Nguvu ya kuvuta ipime kwa ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Ndege ya gramu 750 inataka kilo 3 mpaka 4, siyo zaidi mpaka bawa lithibitishe. Ndoano ya chini ya ndege ikae sentimita 1 mbele ya balansi, elekea kwenye upepo, watoto wote nyuma yako, achia bawa likiwa sawa. Usivute eleveta, itapanda yenyewe, ikifika juu na mpira ukalegea inamishe kidogo pete itoke.

KUITAFUTA NA KUKAA NDANI YAKE

Simama uso kwenye upepo. Funga mita moja ya utepe wa kaseti kuukuu kwenye mti mrefu mbele yako, hauna uzito kabisa na unaonyesha kila pumzi. Thamo inavuta hewa ya chini toka pande zote, kwa hiyo upepo wa usoni ukiongezeka ghafla kuliko kawaida, thamo iko nyuma yako. Ukilegea au ukazima, iko mbele. Ukigeukia kushoto, ujue iko kushoto kule upepo unakoelekea. Hii peke yake imenipa thamo nyingi kuliko kifaa chochote.

Angalia ardhi pia. Majaruba yaliyokauka baada ya mavuno, shamba lililolimwa pembeni ya kijani, mapaa ya bati ya shule au ginari ya pamba, miamba. Thamo mara nyingi inang'oka pale kitu kinapobadilika, kama ukingo wa mwamba au mstari wa miti, halafu inaegemea kufuata upepo, kwa hiyo itafute upande upepo unakokwenda na siyo juu ya mwamba wenyewe. Angalia ndege hai, mwewe akizunguka mfuate bila aibu, makorongo wale wenye vipara wanaoshinda mialoni wakianza kupanda mzunguko mmoja mkubwa basi hiyo ni thamo ya uhakika, na mbayuwayu wakicheza chini wanakula wadudu waliobebwa na hewa.

Ndege ikiinua bawa moja, geuzia upande wa bawa lililoinuka, hata kama mkono unataka kuachia. Bawa limesukumwa na thamo iliyo upande huo na ukiiacha ndege itakimbizwa nje. Zunguka kwa mlalo wa digrii 20 hadi 30, duara la mita 25 hivi, kasi ile ile, eleveta kidogo tu. Mzunguko wa kwanza hesabu kimoyomoyo, wapi imepanda, wapi imezama. Wa pili sogeza duara upande uliopanda, ukifika pazuri nyoosha kwa sekunde moja halafu zunguka tena. Chini ya mita 50 thamo ni nyembamba kama shimo la kisima, juu inapanuka, kwa hiyo subira yako yote itumie chini. Ukipigwa na hewa inayoshuka usivute pua juu, isukume kidogo, ondoka hapo kwa kasi.

Thamo inahama na upepo na wewe uhame nayo, ila piga hesabu ya kurudi. Upepo ukiwa mita 5 kwa sekunde na ndege inakwenda mita 8, unarudi kwa mita 3 tu. Mita 300 zitakuchukua sekunde 100, na ikishuka mita 0.7 kila sekunde umepoteza mita 70, bado hujakutana na hewa mbaya. Mimi kwa mita 300 za umbali nataka mita 150 za mwinuko, pungufu ya hapo narudi.

Hii sheria niliipata Luchelele. Ilikuwa saa 4 asubuhi, kiangazi, thamo safi ikanipandisha nikiwa nimesimama mita kama 200 toka majini, na upepo ni wa kusini mashariki, nimeshawaeleza unakwenda wapi asubuhi. Nikazunguka nayo kwa furaha, macho juu muda wote. Nilipoangalia chini ndege iko juu ya maji tayari, na thamo ikiwa juu ya maji haina mzizi, ndani ya dakika ikazimika kabisa. Nikageuza, nikasukuma pua, naiona inakuja lakini inashuka zaidi ya inavyokuja, ikakaa juu ya ziwa taratibu kama bata. Wavuvi wawili waliokuwa wanatega walipiga kasia wakaileta, mmoja amebeba kwa mikono miwili ameiinua juu maji yanachuruzika kwenye bawa, mpaka leo namshukuru. Risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, niliikausha juani siku 2 ikafa hata hivyo. Tangu siku ile asubuhi sirushi ndani ya kilomita 2 toka ufukweni, na upepo ukiwa unaelekea ziwani siifuati thamo kupita nyumba ya mwisho.

Na ikikupandisha mno, ukaanza kuiona kama inzi, fungua spoila zote zungusha nje ya thamo. Usichomeke pua chini kwa kasi, bawa la fomu litatetemeka na kupasuka. Ndege ya mita 2 ikipita mita 300 juu macho ya kawaida hayatofautishi tena inakuja au inakwenda.

KUISHUSHA

Anza kutua ikiwa bado na mita 40, pita upande, geuza mara moja, ingia kwenye upepo. Kwenye majaruba tua sambamba na matuta, kuyakata kwa pembe kunang'oa mkia. Spoila fungua nusu mpaka uone utafika, zifunge karibu na ardhi ili isidondoke. Ng'ombe wakisogea achana na pale ulipopanga, tua mbali utembee. Ikishatua chomoa betri ya ndege kwanza ndo uzime rimoti, pooza betri kivulini, nyumbani iache kwenye volti 3.8 kila seli, na wakati unasubiri bodaboda ifunike ndege kwa khanga, jua la saa 8 linalikunja bawa ndani ya nusu saa.